Viti Sita

Nimekata tiketi ya kwenda na kurudi, siku moja tu,
nikamwachia Gethin supu sufuriani
na karatasi mlangoni pa jokofu: usinipigie
ila nyumba ikiungua.
Treni haijamaliza hata daraja la Abermaw,
amepiga. Chujio la mashine ya kufulia liko wapi?
Lilipo tangu tuinunue, mpenzi. Chini, kulia.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Februari. Maduka ya aiskrimu yamefungwa kwa mbao.
Mkahawa mmoja tu uko wazi, wa Eluned,
na bomba moja tu la joto, nami nimeligandamia kama paka.
Nimefungua daftari. Juu nimeandika MPANGO WA BIASHARA.
Nikapiga mstari chini yake. Nikapiga wa pili.
Hapo ikawa saa tano.

Kijana wa benki alinipa fomu yenye visanduku.
Soko lengwa, kinauliza cha kwanza.
Nimejaza: watu wanaolia ndani ya gari
wakiwa wameshafika kwao,
kisha wanafuta uso, wanaingia, wanauliza nani anataka chai.
Washindani: televisheni, divai, dada yangu Lowri.
Ujuzi wa mwombaji: miaka ishirini na miwili ya zamu za usiku,
wodi ya nne. Najua kufuma. Najua kunyamaza.

Kisanduku cha wazo lilikotoka hakipo.
Kingekuwepo ningemketisha humo Bi Prosser,
kando ya kitanda tulichokwisha kukitandika upya,
amepakata sweta ya mumewe, rangi ya haradali.
Akaomba mkasi. Nikasita. Nikampa.
Akakata fundo moja shingoni, akavuta,
kifua, kiwiko, mkono wa pili, mpaka kukapambazuka,
nami nimeshika ncha, nakunja bonge.

Uzi uliofumuliwa haunyooki.
Hubaki na kipindo cha kila kitanzi ulichokuwa,
kama nywele zilizotoka kwenye msuko.
Uoshe, uutundike, uufungie kopo la maharage liuvute:
utalegea kidogo. Kidogo tu.
Bi Prosser alifuma soksi. Zilimpwaya. Alizivaa hivyo hivyo.

Basi ndiyo biashara yenyewe. Chumba juu ya duka la rangi;
unaleta nguo ya mtu wako, tunaifumua,
unafuma utakacho, au unakaa tu na bonge mapajani.
Kodi, bima, chai, taa, sindano:
nimejumlisha mara tatu, nimepata majibu matatu,
yote mabaya.

Bei kwa kichwa. Hapo kalamu imegoma.
Nani atoze kwa jambo kama hili?
Lakini mchimba kaburi hutoza. Mpiga kinanda wa kanisani hutoza,
tena kabla hajakaa.
Na mimi nimegawa usiku wangu wa bure mwingi
hadi magoti yameanza kunidai.
Nikaandika pauni kumi na mbili. Nikafuta. Nane.
Eluned, aliyekuja kuchukua kikombe,
akaisoma kichwa chini miguu juu, bila hodi:
"Pandisha. Cha bure hawakimalizi."
Nikarudisha kumi na mbili, kwa wino.
Pembeni, kwa penseli: asiye nazo, aje na biskuti.

Mchana nilitembea hadi mwisho wa ukuta wa bandari,
nikarudi kwa sababu ya upepo.
Sikuwaza chochote chenye faida.

Treni ya jioni. Dirishani mwanamke wa makamo
anasogeza vidole, anahesabu,
nikadhani hesabu zimemshinda mwenzangu,
kumbe ni mimi, nahesabu watu:
wanne ni wachache, mtu ataona aibu kulia.
Wanane ni mkutano.

Gethin yuko jikoni, maji sakafuni, taulo zangu zote sakafuni.
"Mpango umekwisha?"
"Viti sita," nikasema.
Hakuuliza zaidi. Alivaa viatu,
akachukua tochi, akaenda bandani
kutazama vipi bado vina miguu minne.